Kliniki wananiambia “punguza mawazo”: yanapunguzwaje?

Swali: Assalam alaikum daktari. Mimi ni mama wa miaka 47, nipo Tanga, nauza vitenge. Nina kisukari aina ya pili, huu ni mwaka wa sita. Natumia metformini na glibenklamidi. Kila nikienda kliniki naambiwa, “Mama, punguza mawazo.” Sijui yanapunguzwaje. Usiku silali vizuri. Nikipima nikakuta 14, moyo unanienda mbio na siku nzima imeharibika, basi wiki nyingine sipimi kabisa. Kliniki ikikaribia najaza daftari namba za kubuni ili nisigombezwe. Mdogo wangu yuko Muscat, amenitumia kwenye simu mafunzo ya kutuliza akili. Mwalimu anasema ukikaa kimya dakika ishirini kila siku sukari inashuka yenyewe na dawa unaacha. Mume wangu hataki hata kuyasikia, anasema ni ibada za watu wengine. Je, yanasaidia kweli? Na je, ni dhambi?

Jibu: Waalaikum salaam, dada yangu. Umeuliza mengi, na moja haliwezi kusubiri: dawa usiache. Anayekuambia ukae kimya kisha metformini uitupe ama anauza kitu, ama hajawahi kupokea mgonjwa aliyeletwa mlangoni sukari iko 30, midomo imekauka, haelewi anaulizwa nini. Mafunzo yenyewe siyapingi. Nayafundisha wagonjwa wangu, na mtu wa hali yako ndiye ninayemfikiria kwanza. Ila faida yake haiko pale alipoiweka huyo mwalimu wa kwenye simu. Iko kwenye zile sekunde chache kati ya namba kutokea kwenye mashine na wewe kuamua kwamba kesho hupimi.

Kwanza hilo la kupunguza mawazo, maana sisi watu wa hospitali tunalisema bila kulifikiria. Mawazo hayapunguzwi kwa amri. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, aliwaweka watu chumbani akawaambia waseme chochote kinachowapitia akilini, ila wasimuwaze dubu mweupe, na kila wakimuwaza wagonge kengele. Kengele hazikunyamaza. Walipoachiwa baadaye wamuwaze wakitaka, walimuwaza kuliko wenzao ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Sasa wewe unakatazwa kila kliniki, na aliyeshika kadi yako keshaanza kumtazama mgonjwa anayefuata kwenye benchi. Unarudi nyumbani na wazo jipya juu ya yale ya zamani: kwamba mawazo yako ndiyo yanayokupandishia sukari, kwa hiyo kosa ni lako.

Kuna ukweli ndani yake, lakini si wote. Mtu akipata mshtuko au akiishi na dhiki ya muda mrefu, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Hizo huliambia ini litoe sukari iliyowekewa akiba, na wakati huohuo huifanya insulini isifanye kazi yake sawasawa. Kwa asiye na kisukari, kongosho hufidia na hakuna anayejua. Kwako inaonekana kwenye mashine. Hadi hapo kliniki wako sahihi. Lakini namba ile 14 inaweza kuwa imeletwa na mambo mengine kadhaa ambayo hayana uhusiano na roho yako: wali wa jana usiku, kidonge ulichosahau, jino linalouma, maambukizi kwenye njia ya mkojo, au alfajiri yenyewe. Kuelekea asubuhi mwili hutoa homoni za kuuamsha, na watu wengi wenye kisukari huamka sukari ikiwa juu kuliko walivyolala, hata kama hawakutia kitu mdomoni. Wangapi wamejilaumu kwa chakula ambacho hawakukila!

Mafunzo uliyotumiwa, mimi nitayaita uzingativu. Ni mazoezi ya kuiweka akili kwenye kinachotokea sasa hivi, iwe ni pumzi, chakula mdomoni, nyayo sakafuni, au hata hofu yenyewe kifuani, na kukitazama kabla ya kukihukumu. Akili itakimbia, ya kila mtu hukimbia. Ikikimbia unairudisha bila kujigombeza, na huko kuirudisha ndiko kunakofanya kazi. Asikudanganye mtu kwamba lengo ni kichwa kitupu. Unaweza kukaa dakika kumi ukairudisha akili mara hamsini na zoezi likawa limefanyika vizuri kabisa.

Mfumo unaotumika hospitalini ulianzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn, msomi wa biolojia, katika chuo cha tiba cha Massachusetts mjini Worcester, Marekani. Alikuwa akiwahudumia watu wenye maumivu sugu ambao madaktari walikuwa wameishiwa la kuwafanyia. Yeye alijifunza kutafakari kwa Wabudha, wala hilo halifichwi. Alichopeleka hospitalini ni zoezi bila ibada: wiki nane, kipindi kimoja kwa wiki cha saa mbili na nusu hivi, na kazi ya nyumbani ya dakika 45 kwa siku. Mimi si mufti, na suala la dhambi mumeo amuulize sheikh anayemwamini. Nitakueleza tu kilichomo ili awe na cha kuuliza. Hakuna jina la kutamka, hakuna sanamu, hakuna nadhiri, hakuna upande wa kuelekea. Kama sauti uliyotumiwa ina maneno ya dini usiyoijua, ifute, huihitaji. Mkaribishe mumeo akae akutazame: atamwona mkewe yuko kwenye kiti, macho wazi, anafuata pumzi zake. Na usilifanye badala ya uradi wala usilichanganye na swala. Swala ni ya Mwenyezi Mungu, hili ni la presha na sukari.

Je, yanasaidia? Uholanzi walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2013, watu 139 wenye kisukari cha aina ya kwanza na ya pili ambao hali yao ya kihisia haikuwa nzuri. Nusu walipewa wiki nane za mafunzo haya, nusu wakangoja. Waliofundishwa walipungukiwa na msongo, huzuni na wasiwasi. Kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, hakikubadilika. Na kitu kingine ambacho watu hukiruka wanaposimulia utafiti huo: dhiki ya kisukari yenyewe, yaani kuchoshwa na kupima, kula kwa hesabu na kuogopa madhara, nayo haikupungua kwa kiasi cha kutegemea. Heidelberg, Ujerumani, utafiti wa mwaka 2012 kwa watu 110 wenye aina ya pili ambao figo zilishaanza kuvujisha protini ulionyesha, baada ya mwaka mmoja, huzuni imepungua na watu wanajiona wana afya bora. Protini kwenye mkojo haikupungua. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti nyingi wakaona HbA1c ikishuka kama nusu asilimia kwa wanaofanya mafunzo ya aina hii, na kama asilimia moja kwa wanaofanya yoga, ambayo ndani yake kuna kunyoosha na kutumia misuli. Nyingi za tafiti hizo ni ndogo, na washiriki waliendelea na dawa zao. Zichukue hivyo.

Kwa hiyo mimi siwaambii wagonjwa wangu wakae kwenye mto wafumbe macho kisha wangoje sukari ishuke. Kama mafunzo ya jumla hayagusi dhiki ya kisukari, basi zoezi lipelekwe mahali dhiki inapozaliwa. Kwako inazaliwa kwenye mashine ya kupimia. Tufanyie hapo.

Nawa mikono kwa sabuni, suuza, kausha vizuri, maana kidole kilichomenya embe kitakupa namba ya embe. Toa kijiti cha kupimia, funga kichupa chake palepale. Unyevu wa Tanga haufai kwa vijiti. Sasa kaa. Usipime umesimama jikoni mchuzi ukichemka na mtoto akikuita. Nyayo zote mbili chini. Vuta pumzi tatu, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati. Katikati ndipo penye hisia kali na ndipo unaposhikia kitambaa unapokata. Weka tone kwenye kijiti. Mashine nyingi huhesabu sekunde tano hivi. Hizo sekunde tano ni zako: mabega yamepanda? Meno yameumana? Pumzi umeizuia? Usirekebishe kitu, tambua tu. Namba ikitokea isome kwa sauti kama unavyosoma saa ya ukutani: “Kumi na nne nukta mbili.” Usiongeze neno. Halafu subiri uone kinachokuja, ukitaje: “Hii hofu.” “Hii aibu.” “Nimekasirika.” Kama ni machozi, yaache yatoke, hayaharibu zoezi. Pumzi nyingine tatu. Ndipo uandike kwenye daftari tarehe, saa, namba, na neno moja au mawili pembeni: wali, sikulala, dawa nilisahau, jino.

Baada ya hapo ndipo unaamua cha kufanya. Kunywa maji, tembea robo saa, punguza wanga mlo unaofuata. Usiongeze kidonge kwa hasira. Wapo wanaomeza glibenklamidi mbili wakiona namba kubwa, na saa chache baadaye wanaokotwa sakafuni.

Siku za mwanzo utaona ni upuuzi. Wengi hunieleza kwamba wiki ya pili au ya tatu kitu kidogo kinabadilika: namba bado haifurahishi, ila inakuwa habari, na habari mtu anaweza kuifanyia kazi. Anayepima ndiye anayejua kwamba chapati mbili za asubuhi zinampeleka 15 na mihogo ya kuchemsha kipande kimoja inamwacha kwenye 9. Hakuna daktari atakayemwambia hivyo, kwa kuwa kila mwili una lake.

Vijiti ni ghali, najua, na sitaki zoezi likufilisi. Mwenye vijiti vichache asitawanye. Chagua siku moja au mbili za wiki, upime kwa jozi: kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya kula. Jozi moja inakufundisha kuliko namba nne za asubuhi zisizo na mwenzake. Muulize daktari wako kama ratiba hiyo inatosha kwa dawa unazotumia. Siku ambazo hupimi, fanya dakika tano za pumzi tupu, baada ya alfajiri kabla nyumba haijaamka, au dukani kabla mteja wa kwanza hajaingia. Zile dakika 45 za Worcester sikudai. Kama kuna jambo zito limekupitia maishani, kupigwa, kufiwa ghafla, ajali, acha macho wazi na ufupishe, au fanya huku unatembea polepole uani. Kwa baadhi ya watu kufumba macho kimya huamsha picha mbaya, na hapo si pa kung’ang’ania.

Chakula nitakipitia haraka. Somo la kwanza la zile wiki nane ni kula zabibu kavu moja tu: kuitazama, kuinusa, kuiweka ulimini, kuitafuna mpaka iishe. Tumia karanga. Ukishaelewa, fanya hivyo kwa matonge matatu ya kwanza ya kila mlo, basi, mengine kula kawaida. Matonge hayo matatu yanatosha kukupunguzia kasi, na tumbo huchukua muda kuujulisha ubongo kwamba limetosheka. Shida kwetu ni sinia. Kwenye sinia la pamoja hujui umekula kiasi gani, na shangazi anakusogezea nyama na wali akisema kidogo hakidhuru. Pakua chako pembeni, na kama ni aibu kwenye shughuli, chora mpaka wako kwenye sinia kwa kijiko kabla hujaanza.

Miguu, hapa nitakaa kidogo. Kwenye mafunzo haya kuna zoezi la kupitisha akili mwilini kuanzia vidole vya miguu kwenda juu, ukisikiliza kila sehemu inasema nini. Kwa mtu mwenye kisukari cha miaka mingi zoezi hilo lina mtego, kwa sababu neva za miguu zinaweza kuwa zimeshaathirika. Sauti kwenye simu inasema “hisi unyayo wako,” wewe husikii kitu, unadhani umetulia. Hujatulia, una ganzi. Kwa hiyo kwa miguu tumia macho na mikono. Jioni, baada ya kuosha miguu kwa maji ya vuguvugu uliyoyajaribu kwa kiwiko, kaa penye mwanga, upandishe mguu mmoja kwenye goti. Pitisha kidole gumba kwenye unyayo wote taratibu. Tenganisha kidole kimoja kimoja utazame katikati, ndiko fangasi na mipasuko hujificha. Kisigino. Pembeni ambako kiatu kinabana. Usipoweza kuona chini, weka kioo sakafuni. Kausha katikati ya vidole, paka mafuta juu na chini, katikati usipake. Fanya yote hayo ukiwa na mguu tu, simu iko chumba kingine. Ukikuta lengelenge, jeraha, wekundu au joto la upande mmoja, kesho yake uko kituo cha afya, hata kama hakuumi. Hasa kama hakuumi. Sijui zoezi lingine la utulivu linalookoa viungo kama hili, na kwa watu wengi linafuta hofu ya kukatwa mguu kuliko maneno yoyote, kwa kuwa hofu hiyo hukua zaidi kwa anayeogopa kutazama.

Sasa tahadhari ambayo mwalimu wa kwenye simu hakukupa. Mwili kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kichwa chepesi, hofu isiyo na sababu: hizo ni dalili za wasiwasi, na ndizo hizohizo dalili za sukari kushuka. Wewe unatumia glibenklamidi, dawa inayokaa mwilini muda mrefu na inayoweza kuishusha sukari kupita kiasi, hasa ukimeza kisha usile. Kwa hiyo yakikupata hayo usikae uvute pumzi. Pima. Ikiwa chini ya 3.9, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Ngoja dakika 15, pima tena, bado iko chini rudia. Ikipanda, kula kitu cha kushibisha. Huna kijiti? Jihesabu kwamba imeshuka, kunywa sukari kwanza. Mfundishe mumeo na watoto, na waambie pia kwamba ukizimia wasikumiminie kitu mdomoni, wakukimbize hospitali. Na kwa sababu glibenklamidi ina tabia ya kurudisha sukari chini hata baada ya kupanda, tukio kama hilo lifike kwa daktari wako hata kama umepona nyumbani.

Usiku wako nao una maswali kabla hatujauita wa mawazo. Unaamka kwenda kukojoa? Sukari ikipita 10 hivi, figo huanza kuimwaga kwenye mkojo na maji hufuata, kwa hiyo mtu anaamka mara tatu nne na asubuhi anasema hakulala kwa mawazo. Unaamka umelowa jasho, umeota ndoto za kutisha, kichwa kinauma? Hiyo yaweza kuwa sukari imeshuka usingizini. Tenga vijiti viwili, uamke saa tisa usiku siku mbili tofauti upime. Ukikuta namba iko sawa na umelala macho makavu unatazama dari, hapo ndipo zoezi la pumzi lina kazi: kutoa pumzi kurefu, na wazo likija unalitaja kwa jina, “deni,” “ada,” “mguu,” unarudi kwenye pumzi.

Lipo jingine. Ada, deni, vijiti, maneno ya majirani, kupika vyungu viwili kwa kuwa wengine hawataki dona: hayo pumzi haiyatatui, na nisingependa mtu ayatumie mafunzo haya kukufanya uvumilie kisichopaswa kuvumiliwa. Mwaka 1995 mwanasaikolojia William Polonsky na wenzake wa Marekani walitunga orodha ya maswali 20 ya kupima dhiki ya kisukari, na ukiyasoma unaona mengi yanahusu maisha kuliko ugonjwa: kama unajihisi uko peke yako na ugonjwa huu, kama walio karibu nawe wanakuunga mkono, kama unaridhika na daktari wako. Fanya hivyo kwa njia ya nyumbani. Chukua karatasi, andika yanayokusumbua, kisha ugawe: haya yanahitaji mtu wa kuzungumza naye, haya yanahitaji pesa, haya yanahitaji mume wangu abadilishe kitu, haya yanahitaji pumzi tu. Katika familia nyingi ninazoziona, kundi la tatu ndilo refu kuliko lote. Kama mume wako anaweza kubishana kuhusu mafunzo ya simu, anaweza pia kula dona na mchunga pamoja nawe siku nne kwa wiki. Mwambie nimesema mimi.

Na utofautishe dhiki na sonona. Dhiki ya kisukari hupanda na kushuka na mambo ya kisukari. Sonona inafunika kila kitu: wiki mbili au zaidi huzuni kila siku, vitenge vipya vimefika na hata kuvifungua hutaki, chakula hakina ladha au unakula bila kuacha, unajiona mzigo, unawaza kwamba bora usingekuwepo. Watu wenye kisukari huipata karibu mara mbili ya wasio nacho. Hiyo ni maradhi, ina matibabu ya mazungumzo na ya dawa, na hospitali za rufaa za mikoa zina watu wa afya ya akili. Kwenu ni Bombo. Mawazo ya kujidhuru yakija usingoje kliniki, mwambie mtu leo na muende hospitali leo. Kuna wanaokataa dawa kwa kuogopa kuitwa wendawazimu, huku wanameza amitriptilini kila usiku kwa ajili ya miguu inayowaka moto. Ni dawa ya sonona hiyohiyo, kwa dozi ndogo zaidi. Hakuna aliyewaambia, na hakuna aliyewaita wendawazimu.

Tumebakiwa na daftari lako. Kliniki ijayo usilipeleke la namba za kubuni. Peleka jipya, hata likiwa na kurasa mbili tu za kweli, na useme maneno haya kabla hujaulizwa: “Namba za zamani nilizibuni kwa kuogopa kugombezwa. Hizi za wiki hizi ni za kweli.” Na kama kuna siku dawa ulikuwa huimezi, liseme na hilo. Ukiona huwezi kuyasema kwa daktari, mwambie nesi anayekupima presha, au yaandike ukurasa wa kwanza. Si suala la adabu tu. Daktari huweka dozi kwa kulinganisha daftari na HbA1c, na zikipingana anapanga kwa kubahatisha. Kama dozi yako ilipandishwa miezi ambayo ulikuwa unaruka vidonge, siku utakapoanza kuvimeza vyote bila kukosa, sukari inaweza kushuka kwa kasi usiyoizoea. Hizo wiki mbili za kwanza beba sukari ya unga kwenye kikaratasi ndani ya mkoba wa dukani, usiruke mlo, na ukianza kuona namba chini ya 5 kabla ya kula, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda nayo hiyohiyo wiki, wapunguze glibenklamidi au wakubadilishie.